Krem ya Bamama na Bido ya Trie

Jumatatu, tarehe 9 Juni

Marlène, bibi yangu ya ndoa, alienda. Alipanda gari ya kwenda Dilolo asubuhi, juu dada yake mudogo alizaa mapacha kule na hana mutu ya kumusaidia. Atarudi Jumapili. Nyumba iko kimya. Tuko paka mi na krem tu.

Krem njo kazi yake. Anaipika mu jiko ya nyuma: mafuta nyeupe ya mbegu ya ngazi, ile ya muti ya mawese, maji, stearini ya mishumaa, na harufu moja yenye hataki kuniambia jina yake. Bamama ya kanisa hapa Kapata, mutaa yetu ya Kolwezi, banapakaa paka ile tu. Jumapili iko sherehe yao, na bikopo byao bilishapangwa pa etajeri. Marlène aliniachia maneno mawili. Ya kwanza: Jumamosi nigawe bikopo, nisiguse kitu ingine. Ya pili: kama bamama banafurahi, atamwita Gael, fundi ya kuandika bibao, aongeze jina yangu kule mbele. Sasa kibao inasema ATELIER MARLÈNE. Itasema ATELIER MARLÈNE NA MUTEBA.

Ninaitaka ile kibao. Naandika wazi, hakuna mutu atasoma hapa. Zamani nilikuwa magasinier, mutunza stoo, mu garage ya kampuni ya mugodi, na jina yangu ilikuwa pa mulango. Garage ilifunga. Sasa batoto ya mutaa bananiita Bwana ya Mama Marlène. Na jirani yangu Tata Nkongolo, mwenye kutengeneza sabuni ya maji, yee ako na kibao: NKONGOLO NA BATOTO. Batoto yake bote bako Lubumbashi. Habajagusa hata chupa.

Magaribi nilifungua kikopo moja, kuangalia tu. Baridi ya mwezi wa sita iliachanisha krem: maji chini, mafuta juu. Nilifungua ingine. Vile vile. Nilifungua byote. Marlène alisema nisiguse, ni kweli. Lakini hakusema niangalie krem ikikufa.

Halafu nikakumbuka bido. Garage ilipofunga, chef alituambia kila mutu achague ukumbusho. Benzangu balichukua biti na feni. Mi nilichukua bido moja ya bluu, dumu ya plastiki yenye kujaa, juu jina yake ilikuwa ndefu: TRIÉTHANOLAMINE. Chini yake, kwa herufi ndogo: AMINO-ALCOOL. Na leo niligeuza tube ya krem ya dukani, ile ya Ulaya, nikasoma nyuma. Ile jina iko pale. Bazungu banaitia mu krem yao, na krem yao haiachane.

Mi naiita Trie. Jina ndefu inachokesha.


Jumanne, tarehe 10 Juni

Niliibiwa.

Asubuhi niliinamisha bido kumimina. Hakuna kitu inatoka. Nilitazama ndani: ngumu, nyeupe, sawa mafuta ya mbuzi yenye kulala mu sahani. Mutu alimimina Trie yangu kwake na akaweka mafuta ya mbuzi. Mutu gani? Mutu mwenye kutengeneza sabuni. Mutu mwenye kukaa nyuma ya ukuta yangu.

Nilienda kwa Nkongolo na bido pa bega. Alikuwa anakunywa chai. Nilimuelezea kwa upole, halafu bila upole, ya kama mutu mwenye kubadilisha bido ya mwenzake anaweza pia kutia maji mingi mu sabuni. Alinijibu: yee ni diacre, shemasi ya kanisa. Alisema tuweke bido pa jua, pa ukuta, na akaleta kiti akae shahidi.

Saa sita bido ilianza kucheza ndani. Saa saba Trie ilitoka yote, nzito, safi, sawa asali.

Nkongolo hakucheka. Aliniombea, kwa sauti, mutaa muzima inasikia. Ile ni mubaya kuliko kucheka. Na niliona: macho moja ilifunga, ingine ilikuwa inasoma etiketi. Kisha kusema amina aliniuliza, polepole, juu ya nini nyumba yenye kupikia bamama ya kanisa iko na alcool.

Kuuliza si ujinga. Nilivuka barabara kwa Mwalimu Tatiana, mwenye kufundisha chimie mu sekondari. Alikuwa anasahihisha mitihani, na alifurahi sana kuiacha. Alisema Trie safi haipendi baridi. Si baridi ya barafu, hapana, baridi ya kawaida tu, ya asubuhi ya kuvaa shati mbili: inalala na inakuwa ngumu. Jua ikitoka inaamka. Nilimuambia iko bantu mingi mu Kapata benye kuishi vile.


Jumatano, tarehe 11 Juni

Nilirudi kwa Tatiana. Sikulala muzuri juu ya ile neno, alcool.

Alinichorea. Kati iko kitu moja, azote, yenye bengine banaita nitrojeni, ni ndugu ya ile ya amoniaki yenye kuuma pua. Inatoa mikono tatu. Mwisho ya kila mukono iko kipande cha alcool. Kwa chimie, alisema, alcool si pombe. Ni jina ya kipande, paka vile mutu anaweza kuitwa Mfalme na akauza karanga. Upande ya azote inapenda kushika asidi, na stearini ya Marlène ni asidi. Upande ya alcool inapenda maji. Basi Trie inashika mafuta huku, inashika maji huku, na byote binakubali kukaa pamoja.

Nilielewa mara moja. Ni mutu ya kati, ile anatumwa siku ya kuposa, mwenye kujua bajomba ya pande zote mbili. Tatiana alisema ni karibu vile, lakini hapa hakuna mbuzi ya mahari. Alisema pia nitie kidogo, kijiko tu kwa sufuria.

Nilifikiria ile ya kijiko njiani. Kama kidogo inaunganisha, mingi itaunganisha zaidi. Tatiana ni mwalimu, anazoea kutumia bitu kidogo juu serikali haimupe kitu.

Nilianza na bikopo bichache, kujaribu. Sufuria gani? Krem ya bamama haiwezi kupikwa mu sufuria ya kawaida. Tuko Kolwezi, muji ya shaba. Pa ukuta ya salon iko beseni ya shaba, kampuni ilimupa baba yangu siku alipomaliza kazi, tunaishusha paka siku ya ndoa tu. Niliishusha. Nilipasha maji, nikayeyusha krem, nikatia Trie, nikakoroga. Mungu wangu, ile kitu ilishikana mbele ya macho yangu. Mafuta na maji, hakuna mpaka tena. Nilikoroga hata kisha kumaliza, juu ya kufurahi tu.

Niliiacha mu beseni ipoe mpaka kesho.


Alhamisi, tarehe 12 Juni

Bluu.

Si bluu ya kuoza. Bluu safi, sawa mbingu ya muchana wakati mavumbi ya makamyo imetulia. Nilikaa chini nikaitazama. Nilijisikia vizuri sana, sitadanganya. Nilisahau bamama kabisa.

Halafu nikabakumbuka, na nikapata wazo: Krem Bleu. Nani mwingine ako nayo? Hakuna. Nilipeleka kikopo kwa Mama Honorine, présidente ya bamama. Aliiangalia. Aliuliza kama ni ya kupaka madirisha. Nilisema ni ya ngozi ya bantu bakubwa. Alijibu: ngozi yake ni nyeusi, na kila asubuhi anamushukuru Mungu juu yake.

Tatiana aliposikia neno bluu alikuja mbio na sandale ya nyumba. Alitia kidogo mu glasi, akainyanyua mbele ya jua, akaita ile kitu muzuri, yee wa kwanza na wa mwisho. Alinielezea: shaba ikikutana na Trie, Trie inaishika na mikono yote na haiiache, na pale bluu inatoka. Niliangalia beseni. Fasi krem ilikaa, shaba inang'aa sawa mupya. Krem ililamba ukumbusho ya baba.

Na chuma? Chuma, alisema, ni kinyume. Trie inaifunika na kutu haishike. Ndiyo maana mu garage balikuwa banaitia mu maji ya kupoza mashine ya kuchonga chuma. Mi nilikaa karibu na ile bido miaka yote, nikaitia namba, nikaipangusa mavumbi, na siku hata moja sikuuliza kazi yake. Ile iliniuma kidogo.

Kitu inalinda chuma na inakula shaba, na inakuja kuishi Kolwezi. Nilicheka mpaka nikashika ukuta.

Tatiana alikuwa ameshapata moto. Alisema ile jamaa ni kubwa, ba amino-alcool biko fasi mingi. Moja banaitia mu simenti, ishike mbio. Ingine mu mausine, biwanda bya gaz: inaosha gaz yenye kunuka mayai ya kuoza, inashika ubaya yote na gaz inatoka safi. Sikungoja amalize. Jikoni iko makayabu, samaki ya chumvi, yenye kunuka tangu Jumatatu. Niliweka sahani ya Trie chini yake. Masaa mbili ikapita: makayabu inanuka, na sahani inanuka. Tatiana alisema harufu ya samaki inatoka mu jamaa ya azote ile ile. Basi, ndugu hakamati ndugu.


Ijumaa, tarehe 13 Juni

Mashitaka.

Nkongolo alitembea mutaa muzima na ile neno, alcool. Asubuhi Mama Honorine alifika na bamama wengine wawili, na Nkongolo nyuma yao na Biblia. Balikaa mu salon, chini ya fasi tupu ya beseni. Mama Honorine aliuliza, bila kuzunguka, kama krem ya Marlène iko na pombe. Kama iko nayo, kesho hakuna mama atapokea kikopo, na sherehe batatafuta krem kwingine. Nkongolo alikohoa ile wakati alisikia neno kwingine.

Nilielezea mikono tatu. Mama Honorine alisema mikono haimusumbue, alcool ni alcool.

Niliona kibao inaenda. Halafu kichwa ikafunguka. Hapa Kapata hata mutoto anajua namna ya kujua lutuku, pombe kali ya kupika nyumbani, kama ni ya kweli: unaitia mu kijiko, unawasha kiberiti, kama ni muzuri inawaka. Nilisema tujaribu zote mbili, lutuku na Trie, mbele ya macho ya bote. Paka lutuku tu njo hatuna. Nkongolo alisema hakuna shida. Alitoka na akarudi mbele ya bamama kupanga hata maswali.

Kijiko ya lutuku: kiberiti, na moto ikaruka. Kijiko ya Trie: kiberiti ilizama, ikakufa. Ya pili, ikakufa. Mama Honorine mwenyewe aliwasha ya tatu. Ikakufa.

Bamama balitikisa kichwa. Si pombe. Halafu Mama Honorine aligeuka kwa Nkongolo na, na sauti ndogo sana, akamuuliza diacre alitoa lutuku wapi mbio vile. Alisema ni ya kusugua miguu. Bote batatu baliangalia miguu yake.

Siku kubwa. Baada ya kula nilipika krem yote iliyobaki, na sasa nina akili: sufuria ya emaye, ya chuma, shaba haiko hata karibu. Trie nilitia kikombe. Halafu kikombe ingine kwa jina ya Mungu. Krem ilitoka nyeupe, nzito. Niligeuza kikopo chini juu. Haikuanguka. Niligeuza tena, nimuonyeshe Nkongolo pa dirisha. Alifunga pazia.


Jumamosi, tarehe 14 Juni

Niligawa. Bamama balikuja moja moja, bananusa, banapakaa pale pale, mikono mpaka kiwiko. Mama Mushiya alisema tangu Marlène aanze hajaona krem yenye kushika vile. Mama Honorine alisema Muteba ni mutu ya kazi. Ni neno yake mwenyewe. Nilimuomba airudilie, juu Nkongolo alikuwa anapita.

Nilimwita Gael apime kibao. Alisema fasi ya jina yangu iko, kama ataandika kidogo. Nilimuambia asiandike kidogo.

Tatiana alipita kuuliza Trie nilitia ngapi. Nilimuonyesha na mikono. Aliuliza sufuria ilikuwa ya nini. Chuma, nikamujibu, mi si mujinga. Alisema basi, tutaona.


Jumapili, tarehe 15 Juni

Sijui nianze wapi.

Bamama bote na nguo nyeupe, kanisa imejaa. Wimbo ya kwanza, muzuri. Wimbo ya pili njo ile ya kunyanyua mikono. Balinyanyua. Mikono ya nguo ikateremuka.

Kijani. Kijani na bluu, mu bifundo bya mikono, mama kwa mama, safu kwa safu.

Bangili. Kila mama mwenye umri hapa anavaa bangili ya shaba juu ya rhumatisme, maumivu ya biungo. Marlène anavaa. Mama yangu alivaa mpaka kaburini. Mi naona bangili kila siku na sikuiona hata siku moja. Krem mingi, Trie mingi, jasho ya kucheza, na shaba ikatoka pa bangili ikaingia pa ngozi.

Mu mutaa ingine bantu bangesema ni ugonjwa. Hapa bantu banajua ile rangi. Ni rangi ya malakiti, jiwe ya kijani ya shaba, rangi ya mikono ya creuseur, muchimbaji, akitoka mu shimo. Na nyuma ya kanisa balikaa bavijana ya kuchimba kule mugodi ya Mashamba, na bao njo baliona wa kwanza. Moja aliuliza bamama bamepata shimo gani, na kama fasi imebaki. Kicheko ikatembea mbele, benchi kwa benchi. Mabwana baligeuka kuangalia bibi zao. Bwana ya Mama Honorine alimuuliza, kanisa yote inasikia, Ijumaa nzima alikuwa wapi. Alijibu alikuwa kwa Muteba. Ile haikusaidia.

Pastor alisema tufunge macho tuombe. Hakuna mutu alifunga.

Ile wakati mulango ilifunguka. Marlène, na mavumbi ya Dilolo mpaka pa nyusi, na mufuko pa kichwa. Aliangalia ile mikono. Halafu alinitafuta kati ya bantu bote, na akanipata. Nilijisikia mudogo kabisa.


Jumatatu, tarehe 16 Juni

Ndimu na sabuni, nyumba kwa nyumba. Marlène anasugua mikono, anaomba musamaha. Mi nabeba maji. Rangi inatoka, haya haitoke. Hakunipigia kelele hata mara moja, na hii inanitisha.

Njiani nilimuelezea jambo ya krem kuachana juu ya baridi. Alisimama. Alisema kila mwezi wa sita inaachana. Anaweka bikopo pa jua na anakoroga na kijiko. Basi.

Kwa Mama Honorine tulikalishwa pa kiti ya wageni, ile ngumu. Alisema anamupenda Marlène, lakini bamama bamechekwa mu nyumba ya Mungu, na Nkongolo alishasema anaweza kuanza krem. Macho ya Marlène ilijaa. Ile atelier aliianzisha siku garage ilifunga, na sufuria moja ya kuazima, na tangu pale njo inatulisha. Nilijua ile siku zote. Leo niliiona.


Jumatano, tarehe 18 Juni

Tumeokoka.

Jana bamama balikutana. Mama Mushiya alisema sabuni ya Nkongolo inawasha, na krem ya Marlène banaijua tangu zamani. Baliamua batarudi, paka kwa sharti moja. Na Mama Honorine alitaka sharti iandikwe fasi kila mutu atasoma mbele ya kuingia.

Leo asubuhi nilisikia ngazi inaegemea ukuta. Gael, na brosi na rangi nyekundu. Marlène alimutuma, alisema, kuongeza jina yangu pa kibao. Nilileta kiti nikakaa pa barabara, nisipoteze herufi hata moja. Aliandika polepole. M. U. T. Majirani balitoka. Nkongolo alitoka. E. B. A.

Alipomaliza aliteremuka, na ngazi ikatoka mbele ya maneno:

ATELIER MARLÈNE
MUTEBA HAGUSI KITU HAPA

Marlène alisimama pa mulango, mikono pa kiuno, anangoja niseme neno.

Nilivuka barabara kuangalia kwa mbali. Jina yangu ni nyekundu. Ni kubwa kuliko MARLÈNE, na ni kubwa kuliko NKONGOLO, mara mbili. Hata mutu mu kamyo anaisoma. Saa moja ikapita, bamama balifika, balisoma kwa sauti, balicheka, baliingia. Mugeni moja, hajulikani, aliuliza Muteba ni nani. Nilinyanyua mukono.

Iko kasoro moja tu. Nilimufuata Gael mpaka pa kona na nikamuomba, kwa siri, kesho arudi aongeze KANKOLONGO, jina yangu ya pili. Kapata iko na ba Muteba wengi, na sitaki mutu mwingine achukue sifa yangu.